Mjane wa Tano

Watu wa Kagoma wakimtaja Alistidia hushusha sauti, na wapo wanaotema mate kando. Waache wateme. Mimi nasema anayetema mate hajawahi kulala akijua kwamba ukoo unasubiri Krismasi ipite ili ugawane watoto wake kama mikungu ya ndizi. Ukitaka kumhukumu mtu, jua kwanza alikotoka, halafu ndipo ufungue mdomo.

Alizaliwa Bilele, mjini Bukoba, binti pekee wa fundi cherehani, Mlutheri wa kweli kweli, aliyeshona majoho ya wachungaji na kaptura za walimu. Mtoto aliijua sindano kabla hajaijua kalamu. Mwaka 1978, ndege za Amini zilipodondosha mabomu mjini, watu walikimbilia kusini, kila mmoja na kile alichokiona kuwa ni uhai wake. Huyu godoro, yule mbuzi, mwingine Biblia na sufuria. Alistidia, miaka kumi na tisa, alijitwika kichwa cha cherehani ya baba yake, miguu yake ya chuma akaiacha, akatembea hadi Muleba shingo imekufa ganzi. Baba alibaki kulinda nyumba. Nyumba ilipona, baba hakupona. Presha ilimmaliza kabla vita havijaisha, na baba wadogo wakaiuza nyumba.

Huko Muleba, katika kijiji cha Kagoma, alikutana na Josia, kijana mcheshi wa mgambo, ambaye alimchongea meza ili cherehani ipate pa kukaa. Hakusema neno la mapenzi, alileta meza. Wakaoana aliporudi kutoka vitani Uganda.

Vita viliisha, lakini maduka yalibaki na rafu na muuza duka tu. Sabuni, sukari, kitambaa, vyote vilikuwa hadithi. Josia akapanda baiskeli akaanza kuvuka mpaka wa Uganda pale Mutukula kwa magendo kama wenzake. Alileta mashati ya kung'aa yaliyoitwa Juliana, na kila kijana akalitaka lake. Halafu vijana wenyewe wakaanza kukonda, kuharisha, kutoka vipele, kufa. Kwa kuwa hakuna aliyejua ugonjwa ule uitweje, watu wakauita Juliana. Josia alikufa mwaka 1987, mwepesi kiasi kwamba Alistidia alimgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Alimwachia wasichana wawili, wa miaka saba na mitano.

Wasichana. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Kwetu Uhayani kibanja, yaani shamba la migomba na nyumba iliyo ndani yake, ni mali ya ukoo. Mjane mwenye mtoto wa kiume hukaa kwa jina la mwanawe, na hakuna wa kumgusa. Mjane mwenye wasichana watupu hukaa kwa hisani, na hisani ya ukoo uliozika watu tisa katika miaka mitatu huwa nyembamba. Mwaka 1990 wazee wakaketi, wakakata shauri. Kibanja kiende kwa mpwa wa marehemu. Mama arudi kwao. Watoto ni wa ukoo, hao hawaendi popote. Mmoja apelekwe Nshambya kwa shangazi, mwingine visiwani kwa baba mdogo anayeuza samaki. Arudi kwao wapi, nyumba iliyokwisha kuuzwa? Hilo hakuna aliyeliuliza.

Aliyemtetea alikuwa mmoja tu, Ta Rutashobya, kaka mkubwa wa Josia na msimamizi wa kibanja, katekista mstaafu mwenye koti moja. Alisema mama huyu ana mikono. Akionyesha kwamba ana kazi ya kueleweka, inayomlisha yeye na watoto, aachwe palepale na watoto wake. Wazee wakagunaguna, mwishowe wakampa mpaka Krismasi.

Kazi ilikuwepo, ila ilikuwa bado haijaitwa kazi. Wajane saba walikuwa wakishona pamoja barazani kwa Alistidia, cherehani tatu, mkasi mmoja. Kikundi walikiita Twesigane, tuaminiane. Mwenye mkasi alikuwa Petronila, rafiki yake wa kufa na kupona, mwenye watoto watatu na mama mzee, Ma Celina. Petronila alikuwa akikata kitambaa bila kuchora, akisimulia umbea wa kwaya mkono ukienda wenyewe. Lakini hata yeye alikuwa ameanza kukohoa, na kila mtu alijifanya hasikii.

Mwezi wa saba tangazo likasomwa kanisani. Serikali, kwa fedha za wafadhili, ingenunua sare za shule za watoto yatima, mashati, kaptura na magauni, elfu mbili kwa jumla. Na fungu la zabuni hiyo lilikuwa limetengwa kwa vikundi vidogo vya wajane, wasishindanishwe na matajiri wa mjini. Wanawake wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu wafiwe, kusikia mtu akisema neno mjane halafu lisifuatwe na neno pole.

Fomu ikaletwa na mchungaji. Wakaijaza kwenye meza ileile ya Josia, wanawake saba wameinamia karatasi moja. Majina saba yakaandikwa kwa mwandiko mzuri. Wakafika mahali palipoandikwa: Kiongozi wa kikundi. Mkono wa Alistidia ukasimama.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana asiye Mhaya anaweza kudhani ni upumbavu. Kwetu barua haitoki kwenye kibanja bila jina la mwenye kibanja. Mwanamke hatangulizi jina lake mbele ya msimamizi wa ukoo. Angeonekana amekosa adabu, na mwenye kuamua hatima ya watoto wake ni ukoo huohuo. Isitoshe, nani serikalini angejibu barua ya wanawake watupu? Hivyo wakakubaliana wote saba, tena kwa furaha, wakaandika: Rutashobya. Mzee akavaa koti lake, akaja kutia sahihi, akanywa na chai. Alifurahi sana siku ile.

Kanuni za zabuni zilikuwepo. Zilibandikwa ukutani mjini Bukoba, kurasa nne, herufi kama mchwa. Fomu ilifika Kagoma, kanuni hazikufika. Mimi sheria sikuisomea, lakini najua kwamba sheria isiyomfikia mtu humfikia siku ya adhabu.

Mwezi wa tisa Alistidia akaitwa mjini na ofisa aliyeitwa Kaijage, kijana mtaratibu, mwenye macho ya mtu aliyechoka kuhudhuria misiba. Mezani kwake palikuwa na shati la mfano walilolipeleka. Akaligeuza ndani nje, akaonyesha mshono, akasema hajaona shati kama lile katika mkoa mzima. Alistidia akaanza kucheka kwa aibu. Ndipo Kaijage akaifungua fomu.

“Kikundi hiki kinaongozwa na mwanaume, mama.”

“Ni shemeji yangu. Jina lake ni heshima tu, hajui hata kutunga uzi.”

“Mwaka jana tajiri mmoja hapa mjini alikuja na majina ya wajane kumi,” Kaijage akasema. “Naye aliniambia lake ni heshima tu. Zabuni akala yeye, wajane wakapewa kanga moja moja. Ndiyo maana kanuni zikatungwa.”

Kisha akamsomea. Kikundi kiwe cha wajane wenyewe, kimilikiwe nao na kiongozwe na mmoja wao. Wasipungue watano. Orodha ya majina ikishafungwa isifunguliwe mpaka zabuni itolewe, ili matajiri wasichomeke watu. Na kabla ya kutoa zabuni, ofisa aende mwenyewe mahali pa kazi, awaone wanachama mmoja mmoja kwa macho yake, kila mmoja atie sahihi au dole gumba mbele yake. Ukizitazama moja moja, zote ni kanuni nzuri. Zilitungwa kumlinda Alistidia, na ndizo zilizokuwa zimemkalia shingoni.

Kaijage hakuwa mtu mbaya. Alisema kosa la kiongozi linaweza kusahihishwa, kanuni inaruhusu, ila ukaguzi wao utarudi mwisho wa foleni. Uliokuwa ufanyike wiki ile sasa ungefanyika mwishoni mwa Novemba. Alistidia akauliza swali moja tu, kwamba ikitokea mmoja wao akafa katikati, je, wanaweza kumweka mwingine? Wajane kijijini, Mungu atusamehe, hawakuwa haba. Kaijage akairudia ile kanuni. Akasema baada ya kupata zabuni, ndiyo. Kabla yake, hapana. Lakini wako saba, akamtia moyo, na kinachotakiwa ni watano.

Ta Rutashobya alipoelezwa hakubisha. Aliandika barua ya kujitoa, akamkabidhi Alistidia, akasema, “Nimekukata mguu nikidhani nakuvisha kiatu.” Hakuvaa tena lile koti.

Alistidia akawa kiongozi, na kazi yake ya kwanza ya uongozi ilikuwa kuhesabu. Aliwahesabu wenzake asubuhi wakiingia barazani, akawahesabu jioni wakitoka. Alijichukia kwa hilo. Mtu akipiga chafya, moyo wake ulipaa. Mwezi wa kumi akafa wa kwanza, mwanamke mkimya wa bondeni, na mbele ya kaburi Alistidia alijikuta akisema kimoyomoyo, sita. Wiki mbili hazikupita akafa mwingine. Tano. Akabaki yeye, Kemilembe, Verdiana, Skolastika, na Petronila, ambaye sasa mkasi ulikuwa ukimshinda uzito.

Kama wangeandika jina la Alistidia mwenyewe tangu mwanzo, wangekaguliwa wakiwa saba, wote wamesimama kwa miguu yao. Wazo hilo lilimtafuna Alistidia mchana na usiku. Alimhamishia Petronila kwake, pamoja na Ma Celina na wale watoto watatu, akamlaza chumba cha mbele kilichopakana na baraza. Watu wakamsifu kwa wema. Wema ulikuwepo, sikatai. Lakini yeye alijua kwamba kila kijiko cha uji alichomlisha rafiki yake kilikuwa na tarehe ya ukaguzi ndani yake, na Petronila naye alijua. Siku moja akamshika mkono akamwambia, kwa ile sauti yake ya umbea, “Usijali, nitajikaza mpaka gari lije. Wakichelewa, sare zenyewe mtawashonea wanangu.” Wakacheka wote wawili, halafu Alistidia akatoka nje akalia nyuma ya jiko.

Barua ikaja: ofisa atafika Alhamisi. Jumatano Petronila alikunywa uji nusu kikombe. Alhamisi alfajiri, jogoo wakiwika na mvua ya vuli ikiwa imekatika, alikufa.

Kwetu mtu akikata roho kilio hupigwa palepale. Mama ndiye huanza, majirani hupokea, kilima kizima hujua, na tangu hapo jembe haliinuliwi, sindano haiguswi, mpaka siku za msiba zipite. Marehemu asiyepigiwa kilio ameondoka kama mbwa aliyegongwa barabarani. Ma Celina alikuwa ameshafungua kinywa wakati Alistidia alipopiga magoti mbele yake na kumshika mikono.

“Mae, mama yangu, nakuomba. Usilie bado.”

Mzee hakuelewa. Akamtazama kama mtu anayesemeshwa lugha ya mbali.

“Ofisa anakuja leo. Tukiwa wanne hatuna kitu. Wanangu watachukuliwa. Na wajukuu zako sehemu ya mama yao itapotea, maana wanakula kutoka kikundi hikihiki. Mpaka gari liondoke tu, mae. Mpaka liondoke.”

“Unaniomba ninyamaze na mwanangu amelala hapa?”

Alistidia akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtiririka. Ma Celina akainuka, akalivuta blanketi, akalifikisha kidevuni mwa Petronila jinsi anavyofunikwa mgonjwa, sio maiti. Akafumba macho ya mwanawe kwa kiganja. Akakaa chini pembeni ya kitanda, akauma ncha ya kanga yake.

Watoto wakapelekwa kwa Ta Rutashobya, wakaambiwa waende wakaokote senene. Mzee hakuambiwa kitu. Wanawake wanne wakakaa barazani, watatu kwenye cherehani, mmoja na sindano, wakashona. Walishona nini, hakuna aliyejua baadaye. Verdiana aliushona mkono wa shati mpaka ukazibika, akaendelea kukanyaga. Skolastika alishona kifungo juu ya kifungo. Kemilembe, mcha Mungu kuliko wote, alisema kwa kunong'ona kwamba hili watalilipa, na Alistidia akamjibu kwamba atalilipa yeye peke yake, wao washone.

Landrova ilifika saa tano, matope mpaka madirishani. Kaijage akasalimia, akaketi, akatoa daftari. Akamwona Kemilembe, sahihi. Verdiana, sahihi. Skolastika, sahihi, mwandiko umekwenda mrama. Alistidia, kiongozi, sahihi. Akasoma jina la tano.

“Anaumwa,” Alistidia akasema. “Yuko ndani.”

Kaijage akasimama mlangoni. Miaka ile hata watu wema hawakuvuka kizingiti cha chumba cha mgonjwa wa namna hiyo, na yeye hakuvuka. Aliona kitanda, blanketi, uso uliogeukia ukutani, mama mzee chini ameuma kanga. Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akampa Alistidia karatasi na pedi ya wino, akasema kama hawezi kushika kalamu, kidole kinatosha.

Alistidia akaingia. Mkono wa Petronila ulikuwa umeshaanza kuwa mgumu. Akaukunjua ule mkono uliokuwa ukikata vitambaa bila kuchora, akalishika dole gumba, akalikandamiza kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi. Ma Celina alitazama yote hayo bila kupepesa. Alama ikatoka safi, mistari yake yote inaonekana.

Kaijage akaipuliza ikauke. Alijua? Mimi sijui, na yeye hajawahi kusema. Alichosema ni kwamba wako watano, masharti yametimia, barua ya zabuni itafika kabla ya Krismasi, hilo wasilitilie shaka. Akaongeza, akiwa ameinamia daftari, “Mpeni pole mgonjwa.”

Basi, imekwisha, si ndiyo? Haijaisha. Landrova ikakataa kutoka. Magurudumu yakazunguka kwenye utelezi wa uani, yakichimba, yakirusha matope, na dereva akatoa kichwa akaomba msaada. Jirani angeitwa, angeingia kusalimia mgonjwa. Hivyo wale wanawake wanne wakafunga vitenge viunoni wakaenda nyuma ya gari. Walisukuma kwa mabega, kwa vifua, wakaanguka, wakainuka, wakasukuma. Skolastika alikuwa akilia waziwazi, na dereva akamwambia asilie mama, litatoka tu. Ilichukua karibu saa nzima. Lilipotoka Kaijage alipunga mkono dirishani, akasema amefurahi kukuta kikundi chenye umoja.

Alistidia alisubiri mpaka mlio wa injini ukapotelea upande wa barabara kuu. Akakimbia ndani, matope mpaka kwenye nywele, akapiga magoti. “Tayari, mae. Limeondoka. Lia sasa.”

Ma Celina hakulia. Alikuwa ameushika mkono wa mwanawe, anasugua dole gumba kwa ncha ya kanga na mate. Alisema haanzi. Hawezi kumpigia kilio mtoto mwenye wino wa serikali mkononi, hamtumi kwa Mungu hivyo, wino utoke kwanza. Wakaleta sabuni. Wakaleta majivu, wakaleta limau. Wino ulipauka kidogo pembeni, katikati ukabaki zambarau vilevile. Saa zikaenda. Wanawake wanne walikaa sakafuni na kilio kimewakaa kooni, hawana ruhusa ya kukitoa, maana mama ndiye huanza. Nje sauti za watoto zilikuwa zinapanda kilima, zinarudi na senene.

Ma Celina akachoka. Akauweka ule mkono mapajani mwa Alistidia.

“Wewe ndiye uliyeupaka, mwanangu,” akasema. “Basi utoe wewe.”

Alistidia akachukua jiwe la kusugulia miguu, akaanza kusugua. Alisugua mpaka ngozi ya kidole ikachubuka, na chini ya ngozi hapakutoka damu, na wino ulikuwa bado upo.